Wanzuki bila nyuki

Neno wanzuki lina nyuki ndani yake. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi nyuki ni nzuki, na pombe ni walwa. Pombe ya asali ikapewa jina la mdudu, kana kwamba asali ni malighafi tu na mpishi mwenyewe ni nyuki. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kiliiacha walwa kikabaki na mdudu, na leo kijana wa Mwanza asiyejua hata salamu ya Kisukuma anaweza kuagiza wanzuki bila habari kwamba ametaja kiumbe chenye mwiba.

Wala hana sababu ya kujua. Wanzuki niliyoionja mara ya kwanza, kwenye kilabu kimoja pembezoni mwa mji, ilikuwa ya sukari, hamira na majani ya chai. Nilipouliza asali iko wapi, mama mwenye kilabu alinitazama kama niliyeuliza mbuzi yuko wapi kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Jina ni jina.

Mimi nilitaka kujua nyuki alitoka vipi kwenye pombe yake mwenyewe, na alipotoka aliondoka na nini. Jibu nimelitafuta kwenye vitabu, na pia kwenye ndoo ya lita 20 inayokaa jikoni kwangu Nyegezi. Ndoo hiyo ndiyo iliyonifanya nivisome vitabu upya.

Tuanze na miti, kwa sababu nyuki huanzia huko. Asali ya nchi hii ni asali ya miombo, ile misitu mikavu inayotandaa Tabora, Sikonge na Urambo, ikapanda Kahama na Bukombe hadi pande za Geita na Biharamulo. Huko watu wametundika mizinga ya magome na ya magogo tangu zamani. Usukuma wa kati, yaani Kwimba, Magu na Maswa, ni nchi ya ng'ombe na mashamba, na vichaka vilivyokuwepo vilipunguzwa kwa makusudi. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliwakusanya watu kwa maelfu kufyeka pori la Shinyanga ili kufukuza mbung'o. Kazi hiyo iliongozwa na C. F. M. Swynnerton, aliyeweka makao ya utafiti wake Shinyanga. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaingia, pamba ikafuata. Maua ya miti hayakuwa na mtetezi kwenye mahesabu hayo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulikuja kurudisha ngitili, lakini kwa wakati huo kizazi kizima kilikuwa kimekulia kwenye nchi ya wazi.

Kwa hiyo pombe ya kila siku ya Msukuma ilikuwa ya nafaka: mtama, uwele, baadaye mahindi. Pombe ya asali ilitegemea kitu kilichobebwa kutoka kusini na magharibi, na naamini ndiyo maana hadi leo wazee huitaja kwa sauti ya chini kidogo, kama watu wanaotaja kitoweo cha sikukuu.

Wafanyabiashara wa pwani na baadaye Wajerumani hawakuihitaji asali yenyewe. Walitaka nta. Nta haivuji, haichachi, haivutii siafu, na mpagazi anaweza kuibeba kichwani hadi pwani ikafika kama ilivyotoka. Nta ikawa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Waingereza waliendelea nayo. Idara ya ufugaji nyuki ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1949 huku nta ikiwa shabaha yake kubwa. Lakini ili upate nta lazima utoe asali kwenye masega, na asali yote hiyo ilikwenda wapi? Nyingi ilikwenda mtungini. Unatia masega kwenye maji ya vuguvugu, unayakamua kwa mikono, asali inayeyuka, nta inaelea juu. Maji matamu ni mwanzo wa pombe. Nta ni fedha ya kodi. Mtunza vitabu wa Hamburg alipoandika uzito wa nta iliyopakuliwa bandarini, alikuwa anaandika, bila kujua, hesabu ya wanzuki iliyokwisha nyweka. Sijakutana na biashara nyingine ya kikoloni ambayo takataka yake ilikuwa tamu kuliko bidhaa.

Sasa turudi mtungini, kwa kuwa hapo ndipo penye siri.

Julai 1858 John Hanning Speke alimwacha Burton Tabora akiwa mgonjwa, akaelekea kaskazini kupitia nchi hiyo hiyo ya asali na nafaka. Tarehe 3 Agosti alisimama kilimani karibu na Mwanza akayatazama maji ambayo wenyeji walikuwa wakiyavulia samaki tangu mababu. Miaka hiyo hiyo, huko Ufaransa, Louis Pasteur alikuwa anashughulika na swali lililoonekana dogo: kwa nini maji ya sukari huwa pombe? Mwaka 1857 alitoa andiko lake la kwanza juu ya uchachukaji. Mwaka 1860 alionyesha kwamba hamira ni kitu hai, na kwamba sukari peke yake haikitoshi. Aliikuza hamira kwenye maji yenye sukari, chumvi ya amonia na majivu ya hamira yenyewe. Sukari iliipa nguvu, amonia ikaipa naitrojeni ya kujengea mwili, majivu yakaipa madini. Ukiondoa vyote ukaacha sukari, hamira inadhoofika.

Huyo ndiye adui mkubwa wa pombe ya asali popote duniani. Asali ni sukari kwa karibu asilimia 80, maji chini ya asilimia 20, na vingine vyote ni kidogo mno. Naitrojeni ndani yake ni haba sana ukilinganisha na shairi au zabibu. Tena asali ina uchachu wake wa asili, na haina cha kuuzuia usiongezeke hamira inapofanya kazi. Mpishi wa bia ya nafaka anaweza kusahau mambo mengi, bia ikaiva. Mpishi wa asali akisahau, siku ya nne ndoo inanyamaza, kisha inatoa harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni hamira yenye njaa: ikikosa naitrojeni huishia kutoa gesi ya salfa. Watengenezaji wa mvinyo wa asali wa Ulaya na Marekani siku hizi hununua virutubisho vya hamira kwenye pakiti, wakavitia kidogo kidogo siku za mwanzo kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Wapishi wa Unyamwezini na Bukombe hawakuwa na pakiti. Walikuwa na sega zima. Mrina asali wa mzinga wa gome hakuchagua. Alikata masega yote, ya asali, ya chavua na ya watoto wa nyuki, akayaweka kwenye chombo kimoja. Machoni pa mnunuzi wa leo huo ni uchafu. Kwa hamira ni karamu. Chavua ina protini nyingi, na vibuu vya nyuki ni nyama tupu. Vikikamuliwa pamoja na asali, maji yale yanapata naitrojeni, vitamini na madini, yaani kile kile Pasteur alichokitafuta kwa amonia na majivu. Ongeza mtungi usiosuguliwa sana, wenye mashapo ya pombe iliyopita kwenye vinyweleo vyake, na hapo una hamira ya kutosha iliyokwisha kuizoea asali. Nimewasikia watu wasomi wakisema wazee walikuwa wachafu wakati wa kupika. Walichokuwa nacho ni chakula cha kulisha vijidudu na namna ya kurithishana vijidudu hivyo, ingawa hawakuwahi kuviona.

Jirani zetu walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Ethiopia, kwenye teji, hutia vijiti na majani ya gesho, mti mchungu unaofanya kazi inayofanana na ya hopsi kwenye bia: huleta uchungu wa kukata utamu na huzuia bakteria waharibifu. Kenya, Wakikuyu na Wakamba hutumia tunda la mwegea, lile refu kama soseji kubwa linaloning'inia kwa kamba. Likiwa bichi ni sumu. Hupasuliwa, huanikwa, huchachushwa mara ya kwanza kwenye pombe ya kutupa ili uchungu utoke, kisha hukaushwa tena juani. Kuanzia hapo nyuzi zake zimeshika hamira, na mwenye nalo hulitumia tena na tena, mtungi baada ya mtungi. Tunda na pombe vina jina moja, muratina. Ajabu ni kwamba tunda hilo hilo, ukishuka ziwani kwa Wajaluo, huitwa yago, na mtu akizama maji mwili usipatikane, yago huzikwa mahali pake. Huko juu linafungua sherehe ya posa, huku chini linafunga msiba. Sijui mmea mwingine wenye kazi mbili zilizo mbali hivyo.

Upande wetu wa ziwa, shahidi bora wa upishi wa pombe ni mwandishi wa riwaya. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na Bugonoka. Kiswahili chake, alichokitafsiri mwenyewe, kilitoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Katika hadithi hiyo Myombekere hawezi kumrudisha mkewe mpaka awapelekee wakwe pombe ya ndizi, na Kitereza haruki hatua za kuitengeneza. Wasomaji wenye haraka hulalamikia kurasa hizo. Mimi nazipenda kuliko zote, kwa sababu zinaonyesha pombe ikiwa kazi ya akili yenye hatari ndani yake: ikiharibika, ndoa inabaki njia panda. Pombe ya ndizi ya pande hizi hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na mtama huo hauleti rangi na ladha tu. Unaleta chakula cha hamira ambacho maji ya ndizi hayana cha kutosha. Vivyo hivyo kangara, inayochanganya asali na pumba za mahindi. Kila mahali sukari ilipozidi, mtu alitafuta punje ya kuisindikiza.

Kisha ikaja sukari isiyo na msindikizaji. Ziwa lilizungukwa na viwanda: Miwani karibu na Kisumu na Lugazi upande wa Uganda, vyote vya miaka ya 1920, na Kakira karibu na Jinja mwaka 1930. Reli kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928, meli zilikuwa ziwani tayari, na mji ukajaa watu waliokuja kufanya kazi bandarini na kwenye pamba, mbali na mizinga ya baba zao. Sukari ilipimwa dukani kwa kilo, msimu wowote. Asali ilisubiri maua. Nadhani hakuna siku moja ambayo mtu alikaa akaamua kuitoa. Ilipungua kikombe kwa kikombe, mwaka ambao asali ilikuwa ghali, kisha mwaka uliofuata, mpaka ikabaki kwenye jina.

Sukari nyeupe haina hata ile naitrojeni kidogo ya asali. Ndiyo maana wanzuki ya kilabuni inatiwa hamira ya mkate kwa wingi na kunywewa baada ya siku mbili tatu, ingali tamu na inatoka povu. Haingojwi, kwa sababu ikingojwa inachoka. Mama wa kilabu anajua hili vizuri kuliko mimi. Na majani yake ya chai, niliyoyacheka siku ile, yana maana zaidi ya rangi: yanatoa ule ukakasi unaoipa pombe mwili, na wapishi wa asali wa Ulaya nao hutia chai kali kwa sababu hiyo hiyo. Yeye na wao hawajawahi kukutana.

Wakati huo huo asali nayo ilikuwa inasafishwa. Sera ya ufugaji nyuki ya mwaka 1998 na sheria ya mwaka 2002 vililenga kuiingiza asali yetu kwenye masoko yanayolipa vizuri, na masoko hayo yanataka asali iliyochujwa, isiyo na vibuu wala vipande vya sega, yenye maji yasiyozidi asilimia 20. Siwalaumu. Mfugaji wa Bukombe anastahili bei nzuri, na kurina bila kuua kundi zima la nyuki ni maendeleo ya kweli. Ila asali iliyochujwa vizuri ndiyo ngumu kuliko zote kuifanya pombe. Kijana wa mjini anayetaka kurudi kwenye asili hununua chupa ya asali safi, anaichanganya na maji na hamira, inanyamaza siku ya nne, naye anahitimisha kwamba wazee walikuwa na uchawi fulani.

Ndoo yangu ninaipika hivi. Lita 3 za asali kwa lita 15 za maji. Hiyo ikiiva yote inafika kama asilimia 11 ya kileo, mkali wa kutosha. Sichemshi asali, maana harufu ya maua huenda na mvuke. Nikipata masega ya chavua na vibuu, nayakamua humo na kuchuja baadaye. Nisipopata, nachukua vijiko viwili vya hamira ya mkate, navichemsha dakika kumi mpaka vife kabisa, na maiti hizo zinakuwa chakula cha hamira iliyo hai. Natia kwa mafungu matatu, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukizitia zote mara moja hamira inavimbiwa, joto linapanda, ladha inakuwa ya spiriti. Asubuhi na jioni nakoroga ili gesi itoke. Mwanza mchana ni moto, basi ndoo inakaa ndani ya beseni la maji na kitambaa kilicholowa. Mfuniko sikazi mpaka kelele ziishe, na siingizi kwenye chupa za kioo pombe ambayo bado inafanya kazi, kwa sababu chupa hupasuka.

Ladha ndipo vijana wenzangu wanapopenda kuanzia, na ndipo pa kumalizia. Ukwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, unapendeza na asali kuliko tunda lolote ninalolijua, lakini uchachu wake ni mkali na ukiutia siku ya kwanza unaikaba hamira iliyokwisha kuelemewa na uchachu wa asali. Mdalasini na karafuu ni adui wa vijidudu kwa asili. Ndiyo maana vinahifadhi vyakula. Navitia vyote wiki ya tatu, hamira ikishamaliza kazi na mashapo yametulia chini, baada ya kuhamishia pombe chombo kingine. Tangawizi inavumilia mapema zaidi. Rosela huleta rangi nyekundu ambayo mgeni ataisifu kabla hajaonja. Chavua, ikiwepo, huleta kitu kingine kisicho na jina, kama harufu ya majani baada ya mvua ya kwanza, na hicho hakitoki kwenye kiungo chochote cha dukani.

Sheria ya vileo ya mwaka 1968 inataka leseni kwa anayeuza pombe ya kienyeji, nami siuzi. Mashapo ya ndoo iliyopita nayaweka kwenye chupa ya plastiki kwenye friji, kifuniko kikiwa kimelegezwa, na kikombe kimoja kinatosha kuanzishia inayofuata. Sasa ni ya saba kwenye ukoo wake. Kila moja imeanza kuchemka haraka kuliko mama yake.

Masega napata kwa mzee mmoja anayeleta asali Buhongwa kutoka Geita. Asali anachuja mwenyewe, vizuri sana, na masega ya vibuu na chavua alikuwa anayatupa. Nilipomwomba aniuzie alikataa kupokea fedha ya takataka, tukabishana, tukakubaliana nusu ya bei ya asali. Sasa hunitunzia kwenye kopo la rangi la lita nne lenye mfuniko, na kila akinikabidhi huniuliza, mwanangu, kuku wako wanaendeleaje.